Neno la Shemeji

Meneja alipopiga hodi, Gogo alikuwa amekaa kwenye kigoda akipambana na kamba za viatu vyake. Mkono wa kulia ulikuwa unatii. Wa kushoto ulikuwa unatii ukijisikia. Miezi tisa ilikuwa imepita tangu avunjwe bega kwa kiti cha chuma, mbele ya watu elfu tatu waliolipa kiingilio, na bado kufunga kiatu kulikuwa kibarua cha kumtoa jasho asubuhi.

"Karibu, karibu baba, pita ndani!" Aliyeitikia ni mama mkwe. Tangu mwanawe avishwe mkanda wa ubingwa, mgeni yeyote aliyekuja kwa habari ya mieleka alikuwa mgeni wake yeye, hata kama nyumba ilikuwa ya mkwewe na kodi ilitoka mfukoni mwa mkwewe.

Meneja akaingia na manukato yake. Akamsalimia mama, akamsalimia na mke wa Gogo aliyekuwa dirishani kwenye cherehani. Huyu wote walimwita Fundi. Nguo zote za ulingoni, za wanamieleka kumi na wanne, zilipita chini ya sindano yake, na aliyezilipia ni Meneja. Kwa hiyo katika nyumba ile Meneja hakununiwa hata siku moja. Mtu hamnunii anayemjazia sufuria.

"Gogo, kaka yangu, nimekuja na heri."

"Heri ikija na gari la vioo vyeusi huwa naiogopa," Gogo alisema bila kuinua kichwa. Pale alipokaa aliliona lile gari nje, kioo cha nyuma kimeshushwa kidogo, na kiwiko kimetokeza. Kile kiwiko alikijua. Kwa miaka kumi na mmoja kilikuwa kando yake kwenye kila kona ya ulingo.

Meneja akacheka kicheko cha biashara, akaketi. "Watu wamechoka kumwona Kimbunga anabwaga wageni wasiojulikana. Wanakutaka wewe. Wanauliza, Gogo yuko wapi? Gogo atalipiza lini? Sasa nakupa ulipize. Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Dakika kumi unampiga wewe, watu wapagawe. Halafu anakunyanyua, anakubwaga, basi. Utaangukia upande wa kulia, bega lako hatulichezei."

"Ananinyanyua kwa Ghorofa ya Tisa?"

"Kwa nini tena? Ndiyo wanayoilipia."

Akataja malipo. Ilikuwa kodi ya miezi sita. Cherehani ikasimama, kisha ikaendelea polepole, kama mtu anayetembea huku anasikiliza maneno ya jirani.

"Mbona hakuingia?" Gogo aliuliza.

"Nani?"

"Shemeji yangu, huyo Kimbunga wako. Huyu anayekumiminia chai ni mama yake mzazi. Huyo kwenye cherehani ni dada yake, tumbo moja. Mbona amebaki garini kama dereva wa kukodi?"

"Ana simu muhimu," Meneja alisema, na mama mkwe akadakia haraka, "Mwanangu ana mambo mengi siku hizi."

Ngoja niseme hapa kwa wasiojua. Mieleka ya maonyesho si uongo kama wanavyosema wajuaji wa vibarazani. Mshindi hupangwa kabla, kweli, lakini sakafu ni ile ile na mifupa ni ile ile. Kila pigo linakubaliwa na anayelipokea. Wenyewe huita kupeana mwili. Nyuma ya pazia, kabla ya kutoka, wapinzani hushikana mikono. Mmoja husema, "Nakupa mwili," na mwingine hujibu, "Nimepokea, nitarudisha mzima." Kisha hubadilishana zamu. Asiyesema hivyo hapandi ulingoni, na aliyesema akaharibu kwa makusudi hapati tena wa kumshika mkono.

Gogo na Kimbunga walicheza mieleka ya wawili wawili. Walianzia kwenye ukumbi wa shule, watazamaji kumi na wawili, na wawili kati yao walikuwa wanatafuta choo. Gogo mzito, wa kupokea mapigo. Kimbunga kijana mwenye sura na misuli, wa kumaliza kazi. Mapigo yakimzidi, Gogo hujikokota hadi kwenye kona, ananyoosha mkono, wanagusana, Kimbunga anaruka ndani na watu wanasimama. Wakafika viwanja vikubwa. Picha zao zikabandikwa kwenye kuta. Ndipo Meneja akaona fedha iko kwa mmoja, si kwa wawili, na Kimbunga akaona vivyo hivyo. Wakapanga Kimbunga amsaliti mwenzake mbele ya watu kwa kumpiga kiti. Akaambiwa mwamuzi. Wakaambiwa wapinzani. Akaambiwa mtangazaji, na muuza soda wa mlangoni. Asiyeambiwa ni Gogo peke yake, eti mshtuko wake uwe wa kweli. Basi Gogo, kwa kuwa hajui kitu, akageuka ghafla kunyoosha mkono aguswe, na kiti kilichokusudiwa kutua kwa ubapa mgongoni kikatua kwa makali juu ya bega. Mshtuko ulikuwa wa kweli kabisa.

Bega lilimuuma, sikatai. Lakini kilichomla Gogo si bega. Kimbunga hakufika hospitali. Alituma kikapu cha matunda na kadi iliyochapwa. Walipokutana msibani alimpigapiga mgongoni, akasema, "Ndiyo kazi, shemeji." Gogo alitaka neno moja tu: nimekukosea. Angelipewa, angelimsamehe siku hiyo hiyo, Mungu shahidi. Hakupewa, na lile neno lililokosekana likamkaa kooni kama mwiba wa samaki, kila akimeza anaujua ulipo.

"Nitapigana," alimwambia Meneja.

Fundi akageuka kwenye kiti chake, akamtazama mumewe.

*

Kazi yake siku zile ilikuwa mlinzi kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alipewa sare iliyombana kwapa na kirungu ambacho hakijawahi kumgusa mtu. Wateja walimjua. Hakuna fedheha kama kujulikana kwa siku uliyopigwa.

"We bwana! Si wewe uliyelambwa kiti?" mwashi mmoja alimwambia asubuhi ile, anacheka mpaka anashika mbavu. Akanyakua kiti cha plastiki cha keshia, akakiinua juu ya kichwa cha Gogo. "Kaka, kaa hivyo hivyo tupigwe picha."

Mwenye duka naye alikuwa anacheka. Gogo akakaa hivyo hivyo. Angefanya nini? Mwashi yule alikuwa mteja wa mifuko mia ya saruji. Picha ikapigwa mara mbili kwa sababu ya kwanza Gogo alifumba macho.

"Bosi, naomba ruhusa Jumapili ya mwisho wa mwezi," alisema baadaye.

"Unakwenda kupigwa tena?" mwenye duka aliuliza, naye alidhani amechekesha.

Jioni hiyo akaenda kwenye ukumbi wa mazoezi. Mlangoni alijiambia, akisema neno tu, yameisha. Kimbunga alikuwa ulingoni, jasho linamchuruzika, mwili unang'aa kama umepakwa vanishi. Alipomwona akafungua mikono.

"Shemeji! Umenenepa bwana. Dada anakulisha."

"Tunamshukuru Mungu."

"Mama hajambo?"

"Hajambo. Anauliza kwa nini ulikaa garini."

"Aa, si unajua simu." Akaruka chini, akachukua taulo. Wakabaki wawili, mwamuzi yuko mbali anafunga kamba. Gogo akaona ndiyo nafasi yenyewe. Akamtazama usoni.

"Shemeji, huna la kuniambia?"

Kimbunga akafikiri. Kwa kweli alifikiri; Gogo alimwona anatafuta, akamsogelea kwa tamaa.

"Lipo," Kimbunga alisema. "Siku hiyo ruka mapema kidogo. Goti langu la kushoto linanisumbua."

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipozaliwa, wala halikuzaliwa kabla ya hapo.

Maana Ghorofa ya Tisa ilikuwa na siri. Kimbunga alimnyanyua mtu juu ya kichwa chake, mikono imenyooka, akasimama hivyo huku ukumbi mzima unahesabu mpaka tisa, kisha akambwaga. Watu waliamini ana nguvu za trekta. Lakini mtu wa kilo mia na kumi hanyanyuliwi na mikono tu. Anayenyanyuliwa ndiye anayeruka. Anapewa ishara, anapigwa vidole viwili pajani, anajirusha juu kwa miguu yake, anakaza tumbo, anajishikilia kwa siri kwenye bega la mwenzake. Gogo ndiye aliyeibuni ile staili na ndiye aliyemfundisha. Tangu azaliwe Kimbunga hajawahi kumnyanyua mtu asiyetaka kunyanyuliwa, na kwa kuwa alishangiliwa miaka mingi, alikuwa ameshasahau.

Wakafanya mazoezi mara tatu. Vidole viwili pajani, na Gogo akaruka vizuri, tena mapema, kwa ajili ya goti la shemeji.

"Umeona? Bado umo!" Kimbunga alisema, akampigapiga mgongoni.

*

Asubuhi ya Jumapili Fundi alimvalisha vazi jipya jeusi. Alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, anakaza mshono wa kiunoni. Mama mkwe alikuwa chumbani kwake anahangaika na mkoba. Meneja alikuwa amempa kiti cha mbele kabisa.

Fundi akatoa pini moja moja mdomoni. "Unamwazia nini mdogo wangu?"

"Simwazii kitu."

"Mimi nimelala na wewe miaka kumi na minne. Wiki tatu hizi umekuwa mwema. Unanichotea maji, unamsalimia mama mara mbili. Wewe ukiwa mwema hivyo, kuna jambo."

"Mke wangu, ni kazi tu."

"Nakubali amekukosea. Nilimwambia, na alikata simu. Lakini ni mtoto niliyembeba mgongoni, na leo mama atakuwa pale anaangalia." Akasimama, akauchukua mkono wa Gogo, ule wa kulia wenye nguvu, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe. "Niapie hutamvunja."

"Naapa sitampiga kwa kumuumiza. Sitamgusa hata kwa ukucha nje ya yale tuliyopanga."

Fundi akamtazama. Kiapo kilikuwa kizuri, kimenyooka, hakina tundu aliloliona. Akautoa mkono, akamfunga zipu.

Nyuma ya pazia Kimbunga alikuja na harufu ya mafuta ya misuli, mtangazaji ameshaanza kuita. "Nakupa mwili, shemeji," alisema, huku anatazama jukwaani. Gogo akaushika ule mkono, akaukaza sawasawa, wala hakusema kitu. Hakusema amepokea, wala hakusema anatoa. Kimbunga hakugundua. Alikuwa anasikiliza jina lake likitajwa.

*

Dakika kumi zikaenda kama zilivyopangwa. Gogo alimchapa makofi ya wazi yanayolia kuliko yanavyouma, akamzungusha, akamtupa kwenye kamba. Watu walikuwa wamepanda juu ya viti. "Lipiza! Lipiza!" waliimba, watu wazima na familia zao, na mama mkwe katikati yao ameshikilia mkoba wake kifuani. Gogo alimpiga shemeji yake kwa uangalifu wa mtu anayepanga vikombe. Hakumwacha hata na mchubuko.

Kisha mwamuzi akapita karibu, akanong'ona, "Sasa."

Kimbunga akazinduka kama walivyopanga, akanguruma, akamkamata shingoni na mapajani. Ukumbi wote ukasimama. Ghorofa! Ghorofa! Gogo akasikia vidole viwili pajani.

Akasimama tu.

Kimbunga akavuta. Gogo akalegeza mwili wote, tumbo, miguu, shingo, akawa kama gunia la mchanga lililonyeshewa mvua. Hakupigana, hakusukuma. Alikuwa mzito tu. Miguu yake ikanyanyuka kidole kimoja kutoka sakafuni, ikarudi.

"Ruka," Kimbunga alinong'ona. Vidole viwili tena. "Ruka, shemeji."

Watu walidhani ni sehemu ya mchezo, wakazidi kushangilia. Kimbunga akavuta mara ya pili. Mishipa ilimtoka shingoni. Kule juu, kwenye viti vya bei nafuu, mtu mmoja akapaza sauti, "Leteni winchi!" Kicheko kikateremka safu kwa safu mpaka chini.

"Sema umenikosea," Gogo alisema, mdomo uko sikioni kwa mwenzake. "Nitaruka."

"Nini?"

"Neno moja. Sema, naruka mpaka darini."

"Umechanganyikiwa? Watu wanatuangalia!"

"Na siku ile walikuwa wanaangalia."

"Shemeji, nakuomba. Nitakupa nusu ya…"

"Sitaki nusu. Nataka neno."

Huku nje kicheko kilikuwa kimeshakuwa cha ukumbi mzima. "Bingwa, muite dada yako akusaidie!" "Kamlete mama yako!" Mwashi wa mifuko mia alikuwepo, nadhani, au wenzake. Mwamuzi anazunguka hajui afanye nini. Meneja pembeni anakata shingo kwa kidole, maliza, maliza. Gogo alimsikia Kimbunga akihema na akajua lile neno liko pale pale, limefika kwenye meno. Neno moja, pumzi moja, hakuna ambaye angelisikia isipokuwa wao.

Kimbunga akalimeza. Akapanua miguu, akashuka chini, akavuta kwa nguvu zake zote yeye peke yake, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Na alimnyanyua. Lazima niseme ukweli. Alimfikisha kifuani, kisha begani, ukumbi ukanyamaza. Ndipo kitu kikalia mgongoni mwake, mlio mfupi mkavu, na Gogo aliyekuwa juu yake aliusikia mpaka kwenye meno. Wakaanguka wote. Gogo akaangukia upande wa kulia. Kimbunga akaanguka alivyoanguka, na hakusogeza miguu.

Watu wakaangua kicheko cha mwisho na kikubwa kuliko vyote. Nitakuwa mwongo nikisema Gogo alisikitika. Alisimama juu ya shemeji yake, na ndani ya kifua chake, baada ya miezi tisa, hewa ikapita vizuri.

"Umefanya nini wewe?" mwamuzi aliuliza, ameshapiga magoti.

"Sikufanya kitu," Gogo alijibu. Mama mkwe alikuwa bado anatabasamu, mkoba kifuani, akiwauliza waliokaa karibu naye kama hapo ndipo mwanawe amekusudia kuanguka.

*

Daktari alisema Kimbunga hatanyanyua tena kitu kizito kuliko birika. Miezi mitatu alale chali, kutembea, wataona. Mkanda ulichukuliwa na kupewa mwingine ndani ya wiki. Nyumba aliyopangiwa na Meneja ikawa si yake. Meneja alimpigia Fundi simu mara moja tu, akasema kwa heshima kwamba nguo atazishonesha kwingine. Cherehani ikafunikwa kitambaa.

Gogo naye hakuna aliyemshika mkono tena. Siku moja alikutana na mzee mmoja wa kazi ile, mtu aliyewafundisha kuanguka yeye na Kimbunga. Mzee akaiacha njia, akavuka barabara. Gogo akamfuata.

"Na mimi je, mzee wangu? Mimi hawakunivunja?"

"Kiti kilikuwa upumbavu," mzee alisema. "Wewe ulipanga na akili zako timamu. Nilikuwa nyuma ya pazia. Uliushika mkono wa mtu, ukanyamaza." Akaenda zake.

Nyumbani Fundi alikaa siku tisa bila kumtajia lile jambo. Alimpakulia, alimfulia, alijibu anapoulizwa. Siku ya kumi akamwambia, "Kesho wanamruhusu hospitali. Anakuja hapa, chumba cha mama."

"Hapa?"

"Unataka aende wapi? Kwa Meneja? Mama hamwezi, mimi simwezi. Humu ndani mwenye nguvu ni wewe. Utambeba asubuhi kwenda chooni, utambeba jioni."

"Niliapa sitamgusa, na sikumgusa," Gogo alisema. Alikuwa ameyabeba maneno hayo siku zote kumi.

"Ndiyo," Fundi alisema. "Hukumgusa."

Asubuhi ya kwanza Gogo aliingia chumbani kwa mama mkwe, akamkuta Kimbunga chali kwenye kitanda cha kamba, ndevu zimemwota, amepungua kama nguo iliyofuliwa vibaya. Mama alikuwa uani anawasha moto. Wakatazamana. Kisha Kimbunga akaanza kulia, machozi yanakimbilia masikioni kwa sababu amelala chali, na akasema bila kuulizwa.

"Nimekukosea, shemeji. Kile kiti. Nilikukosea."

Ilikuwa tamu. Gogo alisimama pale akaisikiliza mpaka ikaisha, kama mtu anayekunywa maji ya baridi. Kisha akambeba, akampeleka, akamrudisha, akamfunika shuka vizuri.

Alidhani itatosha. Kesho yake alipoingia akasimama kando ya kitanda, mikono mfukoni. Kimbunga akasema, "Nimebanwa, shemeji." Gogo hakusogea. Kimbunga akamwangalia, akaelewa, akalisema tena. Ndipo akabebwa. Siku ya tatu hivyo hivyo, na ya nne. Tamu ilikuwa inapungua kidogo kila siku, na Gogo kila siku alisubiri zaidi kidogo.

Siku ya tano Kimbunga alilisema hata kabla mlango haujafunguka wote.

"Sijasikia," Gogo alisema.

"Nimekukosea, shemeji."

"Bado sijasikia."

"Nimekukosea!"

Gogo akainama, akapitisha mikono chini ya mgongo na magoti, akamwinua. Bega la kushoto likamchoma. Alipogeuka, mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kwenye miimo ya mlango huku na huku.

"Tupishe," Gogo alisema.

"Kwa hiyo ni kila siku."

"Kila siku nini?"

"Unamsemesha kwanza, ndiyo unamtoa." Fundi hakupandisha sauti. "Haya. Yeye amekuomba. Sasa na mimi niombe."

"Wewe nimekukosea nini?"

Fundi akacheka kidogo, kicheko cha puani. "Mkono wako niliuweka kichwani kwangu. Hukumwapia mwamuzi, hukumwapia Meneja. Uliniapia mimi, na ulikuwa unajua. Ulisimama palepale nakufunga zipu, unajua." "Nataka neno moja tu, mume wangu. Bei yake si unaijua?"

"Dada, mpishe kwanza," Kimbunga alisema.

"Nyamaza wewe."

Gogo akasimama na mzigo wake. Kimbunga hakuwa mwepesi. Mtu asiyeweza kujisaidia huwa mzito mara mbili, na Gogo alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Moto ulishuka kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Akafungua mdomo. Neno lenyewe alilijua vizuri, alikuwa amelisikia asubuhi tano, kwa sauti ya juu na ya chini. Akakumbuka kiti. Akakumbuka kiti cha plastiki, na mwashi akimwambia afumbue macho. Huyu ndiye aliyepaswa kuwa upande wangu, alijiambia, huyu kuliko watu wote. Akafumba mdomo.

"Shemeji, sema basi," Kimbunga alinong'ona. "Sema, nimebanwa. Siwezi tena."

Fundi hakusogea. Gogo hakusema.

Kitu cha moto kikamwagika kwenye mkono wa Gogo, kikapita tumboni kwake, kikashuka kwenye suruali ya sare yake ya ulinzi hadi kwenye viatu, kikaanza kudondoka sakafuni. Kimbunga akageuzia uso wake kifuani kwa shemeji yake, akajificha humo, mabega yakitikisika.

Fundi akatazama sakafu. Akaondoa mikono mlangoni, akawapisha, akaenda uani kuleta ndoo na tambara.